Modemu ya simu ndani ya kifaa: haijibu, haipigi, au inapiga na haiunganishi

Siku ya pili fundi wa laini alipanda nguzo, akashuka, akanipa jibu lile lile la jana: "Laini yako nzima, fundi. Kaangalie mashine yako." Niliona ananikwepa. Mezani kwangu kifaa kile kile kilikuwa kimepiga simu mara 20 bila kukosea hata moja, na hapa kwenye kituo cha pampu ya maji kilirudisha NO CARRIER, yaani hakuna muunganisho, kila nilipojaribu. Kama si laini, ni nini? Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye mistari mitatu ya programu niliyoiandika mwenyewe, na nitaieleza zamu yake ikifika. Tangu siku ile sigusi waya wa simu kabla sijasoma modemu inasema nini, na inalisema baada ya sekunde ngapi.

Modemu hugeuza data kuwa sauti ipite kwenye laini ya simu, na ninazozungumzia ni zile ndogo zinazokaa ndani ya vifaa: kipima mafuta cha kituo cha petroli, kengele ya wezi, mashine ya kadi ya benki, kinasa data cha pampu. Ni moduli kama SocketModem za MultiTech au chipu za ISOmodem zilizoanzishwa na Silicon Labs. Upande mmoja kuna nyaya za siriali kuelekea kwenye maikrokontrola yako, chipu inayoendesha programu ya kifaa. Upande wa pili kuna nyaya mbili tu za simu. Lugha yake ni amri za AT, zilizokuja na Smartmodem ya kampuni ya Hayes mwaka 1981. Wengi wetu tulizijulia kwenye moduli za GSM kama SIM800. Ujuzi huo unasaidia, ila una mtego wake, na nitauonyesha.

Safari ya data ina vipande vitatu: kutoka programu hadi modemu, kutoka modemu hadi kituo cha simu, na kutoka modemu yako hadi modemu ya mbali. Kila jibu la modemu linakuambia umefika kipande kipi. Ukipata OK, kipande cha kwanza ni kizima. Ukipata BUSY, hata cha pili ni kizima, maana huwezi kusikia mlio wa "inatumika" bila laini. Anza karibu, kisha nenda mbali.

Unatuma AT, kimya

AT ni hodi, OK ni karibu. Ukipiga hodi pakawa kimya, usikimbilie kusema hakuna mtu ndani. Huenda umegonga mlango wa jirani.

Kitu cha kwanza ninachofanya ni kuiondoa programu yangu kwenye mashitaka. Nachomoa maikrokontrola, naunganisha kibadilishi cha USB kwenda siriali moja kwa moja kwenye pini za moduli, nafungua programu ya kuandika amri kwenye kompyuta, naandika AT kwa mkono. Ikijibu, moduli ni nzima na kesi inarudi kwangu. Angalia voltu za kibadilishi kabla hujagusa: moduli ya volti 3.3 haitafurahia volti 5, na haitapona ikipewa mlango wa RS-232 wenye volti 12 chanya na hasi. Mlango wa RS-232 unahitaji chipu ya kubadilisha kama MAX3232, na tofauti si ukubwa wa volti peke yake, mawimbi yake pia yamegeuzwa juu chini.

Halafu majina ya pini. Kwenye modemu, TXD mara nyingi ni mahali pa kuingizia data. Jina limewekwa kwa kuangalia upande wa kompyuta: ni data ambayo kompyuta inatuma. Kwa hiyo TXD yako inakwenda kwenye TXD ya moduli, na RXD kwenye RXD, kinyume na mazoea ya kuunganisha maikrokontrola mbili. Nimeona watu wazima wakibishana nusu siku juu ya nyaya hizi mbili. Mita inamaliza ubishi: pini ya kutoa, ikiwa haitumi kitu, hukaa imara kwenye voltu ya juu.

Ukishajiridhisha na nyaya, mashaka yanayobaki ni haya, kwa mpangilio ninaoufuata:

Mwisho wa amri. Modemu inasubiri herufi namba 13, ile ya kurudi mwanzo wa mstari. Programu inayotuma herufi namba 10 peke yake itaongea na ukuta. Tuma AT\r, si AT\n.

Kasi. Moduli nyingi huisoma kasi yako kutokana na herufi A na T zenyewe, na ndiyo sababu ya kukubali AT au at lakini kukataa At. Nyingine zina kasi iliyofungwa kiwandani au iliyohifadhiwa na mtu aliyekutangulia. Jaribu 2400, 9600, 19200, 38400, 57600 na 115200, biti 8 bila pariti. Ukipata takataka badala ya kimya, shukuru: nyaya ni sahihi, kasi ndiyo si sahihi.

Haraka. Baada ya pini ya RESET kuachiwa, moduli huhitaji muda kuamka. Programu inayotuma AT milisekunde 10 baadaye inaongea na aliyelala. Mimi husubiri sekunde 2, kisha natuma AT hadi mara 5, nusu sekunde kati ya moja na nyingine.

Pini zinazoning'inia. RTS ikiachwa bila kuunganishwa, baadhi ya moduli hudhani hauko tayari kupokea na hulishikilia jibu. Kama hutumii udhibiti wa mtiririko (kuzuia data mpokeaji akijaa) kwa nyaya, iunganishe RTS na ardhi ya saketi, maana kwenye pini za moduli pini hizi hufanya kazi zikiwa chini.

Ukimya uliohifadhiwa. Amri ATQ1 inaiambia modemu isijibu kitu, na ikihifadhiwa kwa &W inabaki hivyo hata baada ya kuzima umeme. Tuma bila kutegemea jibu: ATQ0V1E1. V1 inarudisha majibu ya maneno. Kwenye V0 utapata tarakimu tupu: 0 badala ya OK, 3 badala ya NO CARRIER, 7 badala ya BUSY. Nimewahi kusoma tarakimu 4 kwenye skrini dakika 10 nzima nikidhani ni kelele za umeme. Ilikuwa inasema ERROR.

Inajibu ERROR

Hapa mambo ni mepesi. Umeiomba modemu kitu isichokijua, au mstari wako ni mrefu kupita bafa yake, kumbukumbu ya kushikilia data kwa muda. Modemu za zamani ziliishia herufi 40 hivi. Ukirundika amri nyingi kwenye mstari mmoja na moja ikakataliwa, zilizotangulia huenda zimeshatekelezwa na zilizofuata zimetupwa, nawe hujui. Zigawe. Kumbuka pia kwamba chochote kinachoandikwa baada ya Z kwenye ATZ hakisomwi.

Amri za msingi ni zile zile kwa wote. Zenye alama mwanzoni, kama &, \, % na +, ndizo zinazotofautiana kati ya watengenezaji. Udhibiti wa mtiririko kwa mmoja ni &K, kwa mwingine ni \Q. Usinakili mstari wa kuandalia modemu kutoka kifaa kingine ukategemea bahati. Wangu wa kuanzia ni huu, kila mstari ukisubiri OK yake:

AT&F
ATE0V1Q0
AT&C1&D0
ATX4S0=0
ATS7=90

&F inarudisha mipangilio ya kiwandani ili nisirithi dhambi za mtu. E0 inazima mwangwi, ili programu isije ikasoma amri yake yenyewe ikadhani ni jibu. &C1 inafanya pini ya DCD ionyeshe ukweli wa muunganisho. &D0 inaipuuza pini ya DTR, ile ya kuiambia modemu kwamba kifaa kiko tayari, mpaka nitakapoihitaji. S7 ni rejista, yaani namba ya mpangilio, ya sekunde za kusubiri modemu ya mbali. Nyingi hutoka kiwandani na 50 au 60, na hazitoshi kila mara.

NO DIALTONE

Modemu imenyanyua laini, ikasikiliza, haikusikia mlio wa laini. Kwanza kagua programu yako inatafuta maneno gani, kwa kuwa moduli nyingine huandika NO DIAL TONE, maneno matatu. Programu inayotafuta mawili itadhani hakuna jibu.

Chukua mita. Laini ya kawaida ikiwa imewekwa chini ina takriban volti 48 za mkondo mnyoofu. Tuma ATH1, amri ya kunyanyua bila kupiga, uangalie voltu zishuke hadi kati ya 5 na 12 hivi. Kama ni sifuri tangu mwanzo, hakuna laini: waya umekatika, au umeunganisha pini zisizo zake. Kwenye plagi ya RJ11 laini iko kwenye pini mbili za katikati. Kama zinabaki 48 hata baada ya ATH1, modemu hainyanyui, na sehemu yake ya upande wa simu imekufa. Kama zinashuka vizuri na bado inalalamika, basi mlio upo lakini modemu haiutambui.

Hili la mwisho ndilo linalotusumbua sisi wa huku. Moduli nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa Marekani, ambako mlio wa laini ni hezi 350 na 440 kwa pamoja. Sehemu kubwa ya dunia hutumia mlio mmoja wa karibu hezi 425. PABX, yaani mitambo ya simu za ndani ya ofisi, nazo zina milio yake. Hata ujumbe wa sauti unaosubiri kusikilizwa unaweza kuufanya mlio ukatike-katike, na modemu ikaukataa. Panga nchi kwa AT+GCI= ikifuatiwa na namba ya heksi; AT+GCI? itakuonyesha iliyopo sasa. B5 ni Marekani, B4 ni Uingereza. Mpangilio wa nchi unagusa pia ukinzani wa laini na jinsi kengele inavyotambuliwa, kwa hiyo si pambo.

Njia ya mkato ni ATX3: usisubiri mlio, piga tu, ila endelea kuutambua mlio wa BUSY. Nyuma ya PABX inayotaka 9 ili kutoka nje:

ATX3DT9,

ikifuatiwa na namba. Koma ni kituo cha sekunde 2, kama S8 inavyosema. Ongeza koma ya pili kama PABX ni mzee. Na tafadhali, usichomeke modemu kwenye soketi ya simu ya kidijitali ya PABX. Plagi inaingia bila shida, lakini voltu na mkondo wa mle si wa simu ya kawaida, na moduli inaweza kuungua. Omba laini ya analogi, ile ya faksi.

Inapiga, inajibu OK, haiunganishi

Huu ndio mtego wa SIM800 nilioutaja. Kwenye GSM tumezoea kumalizia namba kwa nukta mkato, ili simu iwe ya sauti. Kwenye modemu ya laini, nukta mkato mwishoni ina maana nyingine: piga namba, kisha rudi kwenye hali ya amri. Modemu inatii kabisa. Inapiga, inasema OK, inakaa. Mtu wa upande wa pili ananyanyua na hakuna anayemsemesha. Ifute nukta mkato.

BUSY

Laini ya mbali inatumika. Subiri. Baadhi ya moduli, kwa sheria za nchi uliyozipangia, hukataa kurudia namba ile ile mara nyingi mfululizo na kujibu DELAYED au BLACKLISTED. Ongeza muda kati ya majaribio, usitafute njia ya kuizunguka.

NO CARRIER

Maneno haya yanabeba sababu nyingi kuliko mengine yote, kwa hiyo usiyaamini bila saa mkononi. Pima muda kutoka ulipotuma ATDT, amri ya kupiga, hadi yalipofika.

Yakija karibu papo hapo, umeikatiza modemu mwenyewe. Wakati wa kupiga na kusalimiana na mwenzake, modemu nyingi huchukua herufi yoyote inayotoka kwako kuwa amri ya kuacha. Yoyote. Maktaba zinazomalizia mstari kwa herufi 13 na 10 pamoja zinaweza kukuponza hapa: 13 inaanzisha simu, 10 inaikata. Moduli nyingine huisamehe hiyo 10, nyingine hazisamehi.

Yakija baada ya muda ule ule kila mara, kama sekunde 10 kamili, tafuta saa ndani ya programu yako. Laini mbovu haina saa. Na hapa ndipo lilipokuwa kosa langu la kituo cha pampu. Nilikuwa nimeweka ulinzi: kila sekunde 10 tangu amri ya mwisho, programu inatuma AT kuhakikisha modemu iko hai. Mezani modemu mbili zilikuwa zimefungwa kwenye kiwango cha V.22bis, biti 2400 kwa sekunde, na zilikuwa zinaunganika kabla ya sekunde 10 kutimia. Kule kituoni modemu ya mbali ilikuwa ya kiwango cha kasi zaidi, V.34, ambayo hupima laini na kuipangia kasi kwa sekunde nyingi zaidi, ukiongeza na muda wa simu kupita na kuita. Sekunde ya 10 inafika, AT inatoka, simu inakatwa. Fundi wa watu amepanda nguzo mara mbili. Nilipofuta ulinzi huo wakati wa kupiga, ikaunganika mara ya kwanza. Nikamtafuta kumpa soda yake.

Yakija baada ya sekunde 50, 60 au ulizoweka kwenye S7, muda umeisha kabla ya mwenzake kujibu au kabla hawajaelewana. Koma zako na muda wa kuita vinaweza kuhesabiwa humo.

Yakija katikati, baada ya modemu ya mbali kunyanyua, zimeshindwa kuelewana, na hapo hakuna kifaa kinachoshinda sikio lako. Moduli nyingi zina pini ya spika ambayo wabunifu huiacha wazi. Weka kikuza sauti kidogo na spika, tuma ATM1L3, usikilize. Utasikia mlio wa laini, vitufe, kuita, kisha mlio mwembamba wa kudumu: hezi 2100, mlio wa kujibu, wa kama sekunde 3. Kazi yake moja ni kuuambia mtandao wa simu uzime vizuia mwangwi vyake. Baada yake zinakuja kelele za majadiliano, halafu mchirizo kama wa mvua kwenye bati. Usiposikia mlio wa kujibu, huenda umempigia binadamu. Ukisikia sauti ikisema "haloo, haloo", umempigia binadamu.

Ukisikia zinajaribu, zinaanza upya, zinajaribu tena, punguza matarajio. Shusha kasi:

AT+MS=V22B

Kwa kifaa kinachotuma baiti 300 za usomaji wa pampu, biti 2400 kwa sekunde ni nyingi. Zaidi ya hayo, simu nzima huisha mapema kwa kasi ndogo, kwa kuwa modemu za kasi hutumia muda mwingi kupima laini kuliko kutuma data yenyewe. Mashine nyingi za kadi zilibaki kwenye biti 1200 na 2400 kwa sababu hiyo hiyo. Na anayedai moduli zake mbili za V.90 ziunganike kwa 56000 asisumbuke. Kasi hiyo inahitaji upande mmoja uwe umeunganishwa kidijitali na mtandao wa simu. Analogi kwa analogi mwisho ni 33600.

CONNECT, halafu takataka

Kama takataka ni za mara zote, siriali yako na ya mwenzako hazilingani. Kifaa cha mbali kilichopangwa biti 7 na pariti kikipokelewa kwa biti 8, baadhi ya herufi huja sawa na nyingine huja kama michoro. Kuna pia modemu ambazo, zikiwa kwenye hali ya moja kwa moja isiyo na bafa, hubadilisha kasi ya siriali ifuate kasi ya laini mara tu baada ya CONNECT, huku programu yako imebaki kwenye 19200.

Kama takataka zinakuja kwa vipindi, ni kelele za laini, na usahihishaji wa makosa, uitwao V.42, haukuwaka. V.42 ikiwaka pande zote mbili, makosa hurudiwa kimya kimya na wewe unaona ucheleweshaji tu. Huku pwani maungio ya nyaya huota kutu ya kijani kwa chumvi ya hewani, na mvua ya kwanza ya masika ndiyo inayotangaza yalipo.

Kama herufi zinapotea katikati ya data ndefu, ni udhibiti wa mtiririko. Piga hesabu: siriali ya 115200 inaingiza baiti 11520 kwa sekunde. Laini ya 33600 inatoa 4200 kwa makadirio ya juu. Ziada ya 7320 inarundikana kwenye bafa, na bafa ya baiti 2048 inajaa chini ya theluthi moja ya sekunde. Unganisha RTS na CTS, pini za udhibiti huo, kweli kweli na uwashe &K3 au ndugu yake, au ushushe kasi ya siriali iwe chini ya ile ya laini. Usisahau kwamba CONNECT 115200 kwenye moduli nyingi ni kasi ya siriali yako, si ya laini. ATW2 huzifanya moduli kadhaa ziseme ya laini.

Simu inakatika yenyewe

Angalia DTR kwanza. Kwenye &D2, DTR ikiachiwa modemu inakata simu, na pini inayoning'inia hujiachia inapotaka. Kisha huduma ya simu inayosubiri: ule mlio mdogo wa kukujulisha mtu mwingine anapiga unatosha kuzivuruga modemu. Omba kampuni ya simu iiondoe kwenye laini hiyo. S10 ndiyo uvumilivu wa modemu wimbi la mwenzake likipotea, kwa sehemu za kumi za sekunde. 14 ni sekunde 1.4, na nimewahi kuiweka 50 kwenye laini korofi ikatulia. Moduli nyingi zina pia S30, kipima muda cha kukata simu isiyo na data. Kipimo chake hutofautiana, kwa hiyo soma kitabu cha moduli yako.

Huwezi kuikata simu

Ukiwa kwenye hali ya data, ATH ni maandishi tu yanayosafiri kwenda kwa mwenzako. Unatoka kwa +++, na ukimya ni sehemu ya amri: sekunde 1 bila kutuma kitu, alama tatu za kujumlisha, sekunde 1 nyingine bila kutuma kitu. S12 ndiyo inayoweka urefu huo, kwa vipande vya sekunde moja ya hamsini, na 50 ni sekunde kamili. Kosa ninalolikuta kila mara ni mtu kutuma +++\r. Hiyo \r imeuvunja ukimya na modemu imeihesabu kuwa data. Tuma tatu peke yake, subiri OK, ndipo ATH\r.

Ukimya huu ulikuwa na hataza ya Hayes, na watengenezaji wengine wakaacha kuuweka wasilipe. Katika miaka ya 1990 watu wakorofi wa mtandaoni walikuwa wakiwatumia wenzao ujumbe wa ping wenye +++ATH0 ndani yake; kompyuta inaurudisha kama desturi ya ping, modemu isiyo na ukimya inausoma ukipita, inakata simu. Kama data yako inaweza kubeba alama hizo, zima njia hiyo kwa ATS2=255 na ukate simu kwa DTR ukiwa na &D2. Mimi napenda DTR hata pasipo hatari hiyo, kwa sababu haihitaji kusubiri sekunde 2 wala kubahatisha uko hali gani.

Haipokei simu

RING (taarifa ya simu inayoingia) zinaonekana lakini haipokei: S0 ni 0, yaani usipokee, au &D2 iko na DTR haipo. ATS0=2 itaipokea kwenye mlio wa pili. RING hazionekani kabisa: pima umeme wa kengele, ambao kwenye laini halisi ni volti 75 hadi 90 hivi za mkondo geu. Usiushike kwa vidole, utakukumbusha. Visanduku vya simu za intaneti hutoa pungufu, na simu nyingine zilizochomekwa laini moja zinakula kilichopo.

Kila kitu ni sahihi na bado haiunganishi

Jiulize kama laini yako ni laini. Katika miaka ya 2000, Tanzania na Kenya zilijaa simu za mezani zisizo na waya za CDMA, na baadhi zilikuwa na tundu la RJ11. Modemu ikichomekwa humo inasikia mlio, inapiga, inaita, mwenzake ananyanyua, na hawaelewani milele. Kodeki ya simu hizo imetengenezwa kubana sauti ya mtu, na kelele za modemu zinatoka upande wa pili zikiwa zimesagika. Hakuna amri ya AT ya kutibu hilo.

Siku hizi kisa ni kile kile kwa sura nyingine: nyaya za shaba zimeondolewa, mkongo umeingia, na simu inatoka kwenye kisanduku cha intaneti. Hapa kuna matumaini kidogo. Lazima kodeki iwe G.711, inayobana sauti kidogo, kamwe isiwe G.729, inayoibana sana. Kuzima sauti wakati wa ukimya kuondolewe, kizuia mwangwi kizimwe, bafa ya kusawazisha ucheleweshaji iwe ya urefu uliofungwa. Mtu akikwambia T.38 itakusaidia, hiyo ni ya faksi. Ya modemu inaitwa V.150.1 na ni nadra kuikuta kwenye kisanduku cha kawaida. Funga kasi kwenye V.22bis, fanya simu ziwe fupi, na programu irudie ikishindwa.

Ilifanya kazi miezi kadhaa, ikafa

Wanaoishi kando ya Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa habari za radi. Nyaya mbili za simu zinazopita kilomita kadhaa juu ya nguzo ni mkono ulionyooshwa kuiomba. Dalili: OK inapatikana kama kawaida, lakini ATH1 haishushi voltu, au laini inasoma karibu na sifuri modemu ikiwa imechomekwa na inarudi 48 ukiichomoa. Upande wa simu umeungua, upande wa siriali umenusurika kwa sababu umetengwa. Badilisha moduli, na safari hii weka mrija wa gesi mlangoni, fyuzi, kikinga cha kukata voltu, na ardhi halisi iliyochimbiwa, si waya uliofungwa kwenye bomba la plastiki.

Kifo cha pili ni cha polepole na tunakisababisha wenyewe. Programu inayotuma &W kila inapowaka inaandika kwenye kumbukumbu ambayo ina idadi maalumu ya kuandikwa. Kifaa kinachojiwasha upya kila dakika kwa sababu ya saa ya ulinzi, ile inayoiwasha upya programu iliyokwama, kinaimaliza bila mtu kujua, kisha mipangilio inaanza kurudi ya ovyo. Ama usiandike kabisa, utume mstari wako wa maandalizi kila unapowasha, ama usome kwanza kwa AT&V, na ukikuta rejista ziko kama unavyotaka, iache &W ilale.